Rimu ya Lori na Kengele Sita za Granville

Ninyi mtakaoshika funguo za mnara baada yangu, kaeni vizuri na simu ziwekeni mbali. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Mkikuta herufi imekaa vibaya iacheni ilivyo. Mjukuu wangu Dina amenisahihisha mpaka nimemfukuza mezani.

Wenzangu wa kanisani waliniomba nianze na siku niliyopandishwa kuwa msimamizi wa jengo. Hiyo naipita. Nilipandishwa, nikapewa fulana yenye jina la kanisa mgongoni, nikaendelea kudeki sakafu ileile. Mshahara nao naupita, ulikuja na ukaondoka. Nitakayosema ni ya kengele, kamba, na mwaka ule ambao nusura tunyang'anywe vyote.

Tulifika Sydney miaka ile ya elfu mbili na kitu, tukitoka kambini Tanzania, sisi Warundi. Yule mama wa shirika la wakimbizi pale Fairfield aliniuliza, kwa mkalimani, nina uzoefu wa kazi gani. Nikamwambia nimepiga kengele ya kanisa kambini miaka tisa. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika: usafi.

Kengele yenyewe ya kambini ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye nguzo mbele ya kanisa la nyasi, nami niliigonga kwa kipande cha nondo. Sheria zake nilizipanga mimi na wazee wa kanisa. Mapigo matatu ya polepole ni ibada. Mawili mawili ni mgao wa chakula. Ikipigwa bila kukoma ni moto au hatari: chukua mtoto, chukua ndoo, njoo mbio, usiulize. Niliwafundisha watu sheria hizo mpaka watoto wakawa wanazicheza. Na niliipiga bila kukoma mara moja tu, vibanda vya safu ya chini vilipowaka. Walikuja wote. Haya yawekeni kichwani, yatarudi.

Siku ya kwanza kazini nilipewa kanisa la matofali mekundu hapa Granville, si mbali na stesheni, pamoja na mashine ya kuvuta vumbi na funguo kumi na moja. Nilifungua mlango mmoja baada ya mwingine nikisafisha. Ufunguo wa tisa ulifungua chumba cha chini ya mnara. Mlangoni palikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Sikuweza kuisoma, nikaipangusa vumbi, nikaingia.

Ndani palikuwa na kamba sita zimetoka kwenye matundu ya dari, na kila kamba imevikwa sufu nene katikati, yenye mistari ya rangi. Sufu ile ilikuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Kwetu kitu cha sufu kikichafuka kinafuliwa. Nikakusanya kwanza mapazia ya chumba kile yaliyokuwa yananuka, nikayalundika chini, kisha nikashika kamba ya tatu nione kama sufu inavuliwa.

Nisichojua ni kwamba kule juu kengele ilikuwa imeachwa imesimama kichwa chini, mdomo ukitazama mbinguni, imezuiwa na kijiti kimoja tu cha mbao. Ukivuta kidogo, inageuka yote. Kamba ikashuka kwa utii, halafu ikapanda bila adabu. Mtu mwenye akili huachia. Mimi ilikuwa siku yangu ya kwanza, na mali ya mwajiri ilikuwa mkononi. Sikuachia. Nilipaa mpaka ndala moja ikabaki chini, huko juu kitu kikapasuka kwa kishindo, nami nikaanguka juu ya mapazia.

Nilipoinua macho, mlangoni palikuwa na mzee mrefu, mwembamba, mwenye kaptula na soksi ndefu. Huyo ndiye Mzee Desmond, mkuu wa mnara, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya treni mpaka alipostaafu. Alitazama dari. Akanitazama mimi. Akaitazama ndala.

"Hukuachia kamba," akasema.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu chote, ambacho kilikuwa neno moja: "Sori."

"Ni kosa kubwa kuliko yote humu ndani. Watu wameumia vibaya kwa kosa hilo." Akaiokota ndala, akanipa. "Lakini mikono yako si mibaya. Jumamosi saa nane mchana tunafanya mazoezi."

Mimi nilichoshika ni Jumamosi na saa nane tu, nikadhani ndiyo siku ya kufukuzwa, nikavaa nguo nzuri. Kumbe alitaka tuchonge kijiti kipya pamoja, kwa kuwa nilikuwa nimevunja cha zamani. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza. Alinieleza kwa mikono kwa sababu masikio yangu yalikuwa bado hayajazoea Kiingereza chake, na mpaka leo naona hakuna njia nzuri zaidi. Mtu akikufundisha kengele huku mikono yake iko mfukoni, mwache, hajui.

Nami nilikuwa na langu la kumfundisha. Kamba ya tano ilikuwa imelika karibu na tundu la dari, na alitaka kuipeleka kwa fundi wa mbali ambaye angekaa nayo miezi mitatu. Nikamnyang'anya. Mimi nimekua nikisokota katani, nimefunga mbuzi na nyumba kwa kamba za mkono wangu. Nikafumua nyuzi, nikaziingiza moja moja, nikabana kwa meno pale palipohitaji meno. Chai yake haijapoa, nikamrudishia. Alivaa miwani akatafuta kiungo, akavua miwani, akatafuta kwa vidole, hakukiona. Tangu siku hiyo hakuniita mama wa usafi tena, aliniita Spes, maana jina langu Spesioza lilikuwa refu mno kwa pumzi zake.

Sasa sikilizeni ya kazi. Kengele haivutwi kama ng'ombe mkaidi. Unaianzishia tu, yenyewe inajua kuanguka, kisha unaingoja. Usitazame juu, kengele huioni, na shingo unaihitaji. Tazama kamba za wenzako. Hewa ikiwa na unyevu kamba hujikaza ikawa fupi, ikikauka inarefuka, kwa hiyo jaribuni kila kamba kabla ya kuanza, na kile kisanduku cha kupandia kamba ikiwa fupi msikigeuze kiti. Vitenge na mitandio inayoning'inia iacheni nje. Kamba haijui kwamba ni nguo ya harusi.

Baada ya miezi michache akaja Wanjiru, nesi, Mkenya. Hakuja kujifunza. Alikuja kugomba. Alikuwa anakaa ghorofa la jirani, ametoka shifti, amelala, na sisi tukaanza mazoezi. Aliingia na nguo zake za hospitali na soksi mguu mmoja.

"Ninyi watu hamna huruma? Aki nimefanya shifti mbili! Hii makelele ni ya nini?"

Mzee Desmond akampa kamba. "Shika hapa," akasema. "Ukiwa unapiga wewe, haikusumbui."

"Wee! Huyu mzee ananibeba ufala?" Wanjiru akaniuliza mimi.

"Shika, mwanangu," nikamwambia. "Ila akisema achia, uachie. Mimi nilipanda mpaka pale." Nikamwonyesha dari. Alicheka mpaka akakaa chini, na hakuondoka tena. Aliniita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, na mimi sikukataa.

Kwa hiyo tukatimia sita: Mzee Desmond kwenye kengele kubwa, mimi, Wanjiru, mke na mume walimu wastaafu waliokuwa hawasemezani njia nzima kutoka nyumbani mpaka mnarani, na mwanafunzi wa chuo, Mvietinamu wa Fairfield, aliyejua hesabu kuliko sisi wote na kuogopa kamba kuliko sisi wote. Mimi nilipewa ileile kengele ya tatu. Baadaye ndipo yule mwalimu wa kike aliniambia kwamba ilikuwa ya mke wa Mzee Desmond, na tangu afariki haikupewa mtu.

Nyumbani neno halikuwa rahisi. Shemeji yangu Silvestri, mdogo wa marehemu mume wangu, anakaa nyumba ya pili. Kwao ni watu wa ngoma, na kwetu Burundi ngoma zile ni za wanaume. Mwanamke anazicheza, hazipigi. Siku aliyosikia nashika kamba, alikuja akasimama jikoni bila kukaa.

"Mama Yeremia, nasikia unapiga ngoma ya Wazungu."

"Si ngoma, shemeji. Ni kengele."

"Inapigwa?"

"Inapigwa."

"Watu wanasimama duara?"

"Wanasimama."

"Na mmoja ni mkubwa wao, anawaongoza?"

"Yupo."

"Basi ni ngoma hiyo. Kaka angekuwa hai..."

"Kaka yako angekuwa hai angenishikia ngazi. Kaa ule au uende."

Alikaa akala, lakini hakukubali.

Sasa nafika kwenye mwaka wenyewe. Chama chetu cha wapiga kengele cha mkoa hukutana kila mwanzo wa mwaka, na kila mnara husimama kusoma mafanikio yake. Wengine wanasoma ukurasa mzima. Zamu yetu ilipofika, Mzee Desmond alisimama, akasema, "Granville: kamba moja, imeungwa vizuri," akakaa. Watu wakapiga makofi ya huruma. Makofi ya huruma nayajua, nimepigiwa katika ofisi nyingi.

Wiki ileile Pasta akatuita. Alikuwa kijana, mtu mwema, anapenda mashine. Alisema chumba cha mnara kinahitajika kuwekea viti, na kwamba siku hizi kuna mashine ndogo kama redio, unabonyeza tu, spika zinatoa kengele za kanisa lolote kubwa unalotaka.

"Lakini si zetu," Mzee Desmond akasema.

"Zetu hazipigiki, Desmond. Miaka yote hii hamjatimiza hata kwota moja. Nipeni kwota moja, watu wetu wenyewe, si wa kuazima, kabla ya Krismasi. Mkishindwa, kamba zinashuka."

Kwota ni hivi. Kengele sita zinalia moja baada ya nyingine, lakini kila duru zinabadilishana nafasi kwa mpango, duru elfu moja mia mbili na sitini, bila kupumzika na bila karatasi. Ni dakika arobaini na tano hivi. Anayeruhusiwa kusema ni kiongozi peke yake. Mmoja akipotea na asirudi, yote yamekufa.

Mzee Desmond alipanda ngazi akaenda kutia grisi vitu alivyokuwa ametia grisi asubuhi.

Kazi ikaanza. Wenzangu walijifunza kwa karatasi yenye namba na mstari wa buluu unaopita katikati yake kama mto. Mimi karatasi ile ilinitia usingizi. Nikachukua haragwe jekundu, haragwe jeusi, punje ya hindi, karanga, choroko na kifungo cha shati, nikavipanga mezani na kuvihamisha. Karanga ndiyo niliyokuwa mimi. Dina, aliyekuwa na miaka kumi, alikaa na karatasi akinisimamia. Kiswahili alikisikia chote, alijibu Kiingereza tu.

"Wrong, Bibi. Again."

"Nimekosea wapi?"

"Again."

Hata Mzee Desmond hakuwa mkali hivyo. Siku moja nilikwenda kuzima jiko, niliporudi mdogo wake Dina alikuwa amekula kengele yangu. Siku nyingine Konsolata, mke wa mwanangu Yeremia, alizipika kengele mbili kwenye mboga. Lakini polepole mkono ulianza kujua kabla ya kichwa.

Mafanikio ya mwaka ule nitayataja kama yalivyokuwa. Wanjiru alijifunza kupiga bila kufumba macho. Walimu wetu walianza kusemezana, kwanza kwa kugombana juu ya nani alichelewa, lakini ni maneno. Tulikwenda kushindana kwenye mnara wa kule milimani, ambako waamuzi hukaa ndani ya gari hawawaoni wapigaji, wanaandika makosa tu. Mwamuzi wetu alijaza karatasi, akaigeuza. Tulipewa cheti cha kuhudhuria. Mzee Desmond alikitilia fremu.

Kwota yenyewe tuliijaribu mara tatu. Ya kwanza ilikufa dakika ya kumi kwa sababu hospitali ilimpigia Wanjiru simu. Ya pili ilikwenda nusu saa nzima, ndipo posamu, yule mnyama wa hapa anayefanana na panya aliyelishwa vizuri, akaanguka kutoka tundu la kamba juu ya kichwa cha mwalimu wa kiume. Ya tatu niliiua mimi. Nilikumbuka kwamba nimeacha ugali motoni. Siku ile nikajiapia: ukishika kamba, nyumba yako iungue. Hayo maneno, kama mtakavyoona, nilikuja kuyajutia.

Ikabaki Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Joto la Desemba mnalijua, lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Kwa kuwa kengele zingelia muda mrefu, Pasta aliandika karatasi ya kuwaarifu majirani, na kazi ya kuzigawa ilikuwa yangu. Nilitembea mitaa yote kuzunguka kanisa, nikatia karatasi katika kila sanduku la barua. La nyumbani kwangu nikatia. La shemeji nikatia. La zile familia mpya zilizokuja majira ya baridi kutoka kambi yetu ileile nikatia. Nikasema moyoni, Spesioza, umefanya kazi safi.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Konsolata aliwashia mkaa.

Saa nane mchana tukasimama mahali petu. Chumba kilikuwa tanuri, nikafungua mlango wa uani upitishe upepo, kisha nikavua viatu. Mzee Desmond alitazama kila mmoja usoni. Mwalimu wa kike, mwenye kengele ndogo, akatoa yale maneno ya kuanzia: "Tazameni! Inakwenda! Imekwenda!"

Dakika kumi za kwanza zilikuwa kama kila Jumapili. Kisha tukaendelea. Dakika ya ishirini ikapita. Nilikuwa sihesabu, nilikuwa karanga mezani: nyuma, nyuma, mbele, ngoja, mbele. Nilianza hata kufurahi, jambo ambalo siwashauri mkiwa na kamba mkononi.

Ndipo nikasikia miguu. Si ya mtu mmoja.

Kwanza aliingia Silvestri na ndoo ya maji imejaa, nyuma yake kijana wa familia mpya na madumu mawili, nyuma yao uani wanawake, watoto, mabeseni. Mtaa mzima wa kwetu. Zile za Jumapili walikuwa wamezizoea, zinalia kidogo zinakoma. Hizi hazikukoma.

"Mama Yeremia! Moto uko wapi?"

Sikujibu. Hairuhusiwi, na isitoshe nilikuwa naingia nafasi ya nne.

"Mama Yeremia! Nakuuliza wewe! Moto uko wapi?"

Nikatikisa kichwa. Akadhani namwambia hali ni mbaya. Akatazama dari, akapima na ndoo atamwagia wapi.

Kutoka nyuma Konsolata akapiga yowe: "Kamba imemshika! Hawezi kuachia, kama ile siku! Mtoeni!"

Hilo likawaingia wote, maana habari ya mimi kupaa walikuwa nayo. Silvestri akatua ndoo, akapangusa viganja kwenye suruali, akanijia akiwa amenyoosha mikono. Kengele yangu wakati ule ilikuwa juu, uzito wa ng'ombe. Angenishika kiuno, ningekwenda mimi, angekwenda yeye, na kwota ingekwenda nasi.

Wanjiru akavunja sheria. Hakugeuza hata kichwa.

"Mzee, ukimgusa shosho nitakudunga sindano. Na najua pa kudunga."

Silvestri akasimama palepale. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumtazama, na aliyetazama mtu hatazami kamba. Nikapotea. Kengele yangu ikagonga juu ya ya mwenzangu, na ya mwenzangu juu ya nyingine, zikawa kama sufuria zinazoporomoka kabatini. Nilijua ndiyo basi. Nilimwona Mzee Desmond akifumba macho, halafu akayafumbua.

"Spes." Hakupiga kelele. "Mtazame Wanjiru. Mfuate yeye. Sasa nyuma. Nyuma tena. Ngoja. Sasa mbele." Akavuta pumzi. "Uko nyumbani. Kaa hapo."

Sufuria zikaacha kuporomoka. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Silvestri ni mtu wa ngoma tangu utoto. Aliisikia safu ikivunjika, na aliisikia ikirudi, na uso wake ukabadilika. Alitutazama mmoja mmoja, sita duara, jasho linatutiririka. Kisha akageuka, akapanua mikono mlangoni kama anayezuia mbuzi.

"Nyamazeni! Wako katikati. Asiingie mtu, asiseme mtu."

"Na moto?" akauliza yule kijana wa madumu.

"Nimesema kimya!"

Tungemaliza kwa amani, kama si Dina. Shuleni walikuwa wamemfundisha namba ya zimamoto, na mjukuu wangu ni mtiifu. Gari lilikuja na king'ora chake, likasimama nje, wakaingia wanaume wanne wenye mabuti na kofia ngumu. Walimkuta Silvestri mlangoni na kidole mdomoni. Sijui waliona nini machoni mwake. Mkubwa wao alivua kofia, akasimama, na wengine wakavua. Basi dakika kumi na mbili za mwisho tulipiga mbele ya Warundi wenye ndoo na zimamoto wenye kofia mikononi, na hakuna aliyekohoa.

"Imetimia," Mzee Desmond akasema. Kisha: "Simamisheni."

Kengele sita zikasimama, mdomo juu, kila moja kwenye kijiti chake. Ukimya wa baada ya hapo mtaujua siku yenu ikifika.

Mkubwa wa zimamoto akauliza moto uko wapi. Silvestri, mwenye Kiingereza cha maneno thelathini, akachagua matatu. "No fire," akasema. "Drum."

Halafu akasikia alichosema. Akanitazama. Mimi nikamtazama. Akainama akachukua ndoo yake, akaenda kumwagilia maua ya kanisa kwa bidii kubwa.

Pasta alifika mbio na nywele za sabuni, ameambiwa kanisa linaungua. Alikuta uwanja umejaa watu ambao alikuwa hajawahi kuwaona, na gari jekundu juu ya nyasi zake. Nilimweleza yote, na sheria za rimu nikamweleza, na kwamba aliyezitunga ni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, povu likimshuka shingoni.

"Na kwota?" akauliza.

"Imetimia," Mzee Desmond akasema.

"Basi nilisema nilichosema. Kamba zinabaki." Akawatazama tena wale watu. "Ile mashine isingenileta hata mimi."

Mzee Desmond hakushangilia. Alikuja kwenye kamba yangu, kamba ya tatu, akaikunja mwenyewe na kuifunga taratibu, akashika ile sufu kitambo kidogo. Kisha akapiga chafya ambayo haikuwa chafya, akasema tunywe chai. Zimamoto nao walikunywa. Mwaka mpya ulipoanza, alisimama kwenye mkutano wa chama akasoma: "Granville. Kwota moja, wapigaji wote wa nyumbani. Cheti cha kuhudhuria, kimoja. Zimamoto, mara moja." Makofi yale hayakuwa ya huruma.

Hayo ni mafanikio yaliyoandikwa. Limebaki moja ambalo halikuandikwa.

Pale uani, watu wakicheka na kugawana biskuti, nilimwona Konsolata amekaa kwenye ngazi, mtoto mgongoni, na miguuni kwake ule mfuko mkubwa wa nailoni wa mistari. Miaka yote mfuko ule ulikuwa nyuma ya mlango wetu, nami nilidhani ni wa nguo za kufua. Nikaufungua. Vyeti vyetu vyote. Nguo za kila mtoto jozi moja moja. Sufuria ndogo. Chumvi. Kiberiti. Alikuwa ameupanga tangu wiki tuliyofika, na kila mtoto akikua alibadilisha nguo za saizi. Nikaufunga tena.

Jioni tulipokaa kula, jua likiwa bado dirishani, niliwataka wote wanyamaze, na Silvestri aliyekuja kula bila kualikwa anyamaze pia. Nikauleta mfuko, nikauweka juu ya meza, katikati ya vyakula.

"Konsolata, ukimaliza kula, nguo hizi ziingie kabatini, na chumvi irudi jikoni. Dina, utamsaidia mama yako. Na sheria ya rimu nimeifuta mimi niliyeitunga. Kuanzia leo kengele ikilia, hata ikilia mchana kutwa, mtu asiondoke kwenye sahani yake."